Mpiga Tarumbeta Mlangoni kwa Walio Hai

Sene 29, Jumapili

Mkutano wa chama chetu cha kuzikana. Mvua imepiga bati mpaka Kapteni Dagnachew, mwenyekiti, akawa anazungumza kama yuko vitani tena. Kuna watu wa huduma shufaa, hospisi wanavyojiita, wanaowazungukia majumbani wagonjwa ambao hospitali imewaambia basi. Wanaomba tushirikiane nao katika mtaa huu. Mzee Wubshet, mweka hazina, alisema kazi ya chama inaanza mtu akishakata roho, na kabla ya hapo ni kazi ya Mungu na daktari. Mke wangu Yeshimebet akasimama upande wa wanawake akasema tunawalisha wafiwa siku tatu, lakini mgonjwa aliyelala mwaka mzima hatumpelekei hata chai. Pakawaka moto.

Mwisho ikakubaliwa mtu mmoja afuatane na watu hao masika yote, awaone kwa macho yake, Hamle na Nehase, aje aseme kama ni watu wa kweli au la kabla ya Mwaka Mpya wetu, Meskerem mosi. Kapteni akanitazama mimi. Alisema Ayalneh anajua kila mlango wa mtaa huu.

Ni kweli naijua milango yote. Lakini mimi ndiye mpiga tarumbeta wa chama. Mtu akifa, alfajiri napita njiani napiga tarumbeta, nataja jina na saa ya mazishi. Hakuna anayefurahi kuniona.

Hamle 2

Yeshimebet amenitafutia daftari hili. Anasema nikisimama mkutanoni nazunguka kama punda wa kinu, heri niandike siku hiyohiyo. Amesema pia wagonjwa wakiniona mlangoni wataomba sanda kabisa.

Hamle 4

Leo nimeanza. Muuguzi anaitwa Sista Hirut, msichana mwembamba mwenye buti za mvua zinazomzidi miguu. Alichelewa. Aliniuliza nitakuwa nafanya nini, nikamwambia nimetumwa kuwapima. Akasema vizuri, basi nimshikie mfuko wa bandeji huku nikiwapima.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Askale, Etiye tunavyomwita kwa heshima, mpika pombe ya shayiri. Zamani kikombe cha bati kilichopinduliwa juu ya kijiti pale langoni pake, alama ya nyumba yenye pombe, kilikuwa kinaita watu kutoka hata mitaa ya juu. Sikujua kuwa ni mgonjwa. Binti yake Zenebech alifungua lango, akaniona, akalifunga tena kwa kishindo.

"Mama yangu hajafa!" alisema nyuma ya lango. "Nani amekutuma?"

Sista Hirut akamweleza. Kutoka ndani ikasikika sauti, nyembamba lakini ya mwenye nyumba: "Ni nani huyo?"

"Ni Mzee Ayalneh, Mama. Yule wa tarumbeta."

Sauti ileile ikasema: "Mwambie amewahi mno. Aingie anywe kahawa, asubiri."

Niliingia, na nusura nitoke. Ana kansa ya titi, imekuwa kidonda, na harufu yake ilikuwa imekaa chumbani kama mtu wa pili. Nilijifunika pua kwa shuka langu la begani. Sista hakujifunika. Alimwosha taratibu huku wakizungumza habari za shayiri, akasaga vidonge kwa mgongo wa kijiko akanyunyiza unga wake kidondani. Mimi nilimalizia upimaji wangu uani.

Kapteni aliniagiza niangalie mambo matatu: kama wanafika kwa wakati, kama mikono yao ni misafi, yaani hawaibi, kama wanahubiri dini nyingine. Kwa hiyo naandika: amechelewa, hakuiba, hakuhubiri. Amechafua mkeka kwa buti. Anacheka sana na wagonjwa.

Hamle 5

Mvua.

Hamle 8

Mvua ya mawe. Nimepiga tarumbeta kwa ajili ya fundi viatu wa karibu na kisima. Hakuna aliyejua kuwa anaumwa.

Hamle 11

Kwa Etiye Askale tena. Nilijifunga shuka puani tangu langoni, Zenebech akanitazama kwa dharau. Ndani nikasikia harufu ya kahawa. Kahawa tu. Ule unga wa vidonge umeifukuza ile nyingine. Wudinesh, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye hakuwa amekanyaga pale tangu Pasaka, alikuwa ameketi kitako na sahani ya bisi, anasengenya watu kama kawaida yake. Etiye Askale alikuwa ameegemea mto, amefunga kitambaa kipya kichwani, anamchochea aendelee.

Sikujua kuwa kidonge kilichosagwa kinaweza kumrudisha jirani. Nimeandika.

Hamle 14

Leo nimekasirika. Tulikuwa na nyumba nyingine mbili za kwenda na mvua ilikuwa inakusanyika, lakini Sista Hirut amekaa kwa Etiye Askale asubuhi nzima.

Mgonjwa alikuwa anaumwa sana. Dawa ya maji aliyoachiwa, mofini, ilikuwa imebaki nyingi mno kwenye chupa. Sista aliinua chupa akaitazama dhidi ya mwanga, akaelewa. Nilingoja amkaripie binti. Hakumkaripia. Alimwita jikoni, wakaketi kwenye vigoda, akamwuliza anaogopa nini.

Zenebech alichezea jivu kwa kijiti muda mrefu. Halafu akasema, "Nikimpa yote akafa, nitakuwa nimemuua mimi."

"Kinachomuua ni kansa, dada. Hii inamwondolea maumivu tu. Ukimpa kiasi nilichokuonyesha, haitamuua." Akamsogezea kijiko. "Mpe leo mimi nikiwa hapa. Tukae tumtazame wote wawili."

Wakampa, wakakaa wakamtazama. Mimi nilitazama saa. Etiye Askale akalala, akaamka, akaomba chapati yake ya tefu na mchuzi wa dengu, akalalamika kuwa chumvi haitoshi. Zenebech alitoka nje akalia kwenye ngazi, mvua inamnyeshea, na Sista hakumfuata. Aliniambia nimwache.

Tulifika nyumba nyingine tumelowa. Nilikuwa nimepanga kuandika kuwa hajui kugawa muda wake. Sasa nimeketi na kalamu na sijui niandikeje.

Hamle 19

Sikukuu ya Gabrieli. Kanisani matope mpaka vifundoni. Wubshet ameniuliza kama nimeshageuka kuwa daktari.

Hamle 23

Leo nimemwuliza Etiye Askale mwenyewe, Sista akiwa uani ananawa mikono. Nilimwambia nimetumwa kuwapima watu hawa, na nadhani nimekuwa nawauliza watu wote isipokuwa yeye.

Akasema, "Hospitali waliniuliza nimelalaje. Mwanangu ananiuliza nimelalaje. Padri naye, nimelalaje. Huyu mtoto ananiuliza kesho nataka kufanya nini."

Nikamwuliza alimjibu nini.

"Nilimwambia nataka kupika pombe ya Mwaka Mpya. Nilidhani atacheka. Akaniuliza shayiri inalowekwa siku ngapi."

Hamle 27

Mkutano mfupi, watu wachache kwa sababu ya mvua. Sikusema kitu. Kapteni alisema ukimya wa Ayalneh ni habari mpya mjini.

Nehase 3

Mfungo wa Mama Bikira. Yeshimebet anapika dengu, kabichi, dengu. Nimezoea njia za Sista Hirut. Kuna mzee mmoja wa figo anayemtukana kila tukifika na kumwomba arudi upesi kila tukiondoka. Kuna mama mmoja asiyesema kabisa. Milango haifungwi tena kwa kishindo. Mtoto wa yule mzee aliniomba nimwonyeshe tarumbeta, nikamwambia tarumbeta ina kazi yake, na hapa mimi nina nyingine.

Nehase 10

Sitalala kabla sijaandika haya.

Jana ilikuwa siku ya Sista kwenda kwa Etiye Askale na kupeleka dawa. Mvua ilinyesha mchana kutwa, mto ukachukua daraja la chini, umeme ukakatika, simu zikazima. Nikadhani wamepita njia ya daraja la juu. Leo asubuhi Zenebech amekuja kwangu bila viatu. Hakuna aliyefika, na chupa ilikauka tangu jana jioni.

Nilikwenda kumwona mgonjwa kwanza. Alikuwa ameng'ata pindo la shuka, macho yamekodoka ukutani. Etiye Askale ambaye ana jibu kwa kila mtu hakunijibu. Wudinesh alikuwa amemshika miguu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa kimya.

Nilipanda kwa daraja la juu mpaka ofisi za hospisi. Nilifika nimelowa mpaka kwenye mifupa. Kijana wa langoni akaniambia leo magari hayatoki, nije kesho. Nikamwambia maneno ambayo mtu aliye kwenye mfungo hatakiwi kuyasema. Akatoka mwanamke mtu mzima, nywele nyeupe, Dokta Fikirte, mkubwa wao. Aliuliza jina la mgonjwa tu. Akaingia, akatoka na chupa na koti la mvua, tukaondoka kwa miguu. Njiani alianguka mara moja kwenye matope, akainuka, akaendelea.

Alimpa dawa kwa mkono wake. Tukangoja. Kwanza vidole vililegea. Halafu taya. Shuka likamtoka mdomoni, na Zenebech akalichukua akalikunja kama kitu cha kanisani.

Nilikuwa nimejiandaa kusikia visingizio vya daraja. Dokta alivuta kigoda akaketi kando ya kitanda, matope hadi magotini.

"Etiye," alisema, "jana tulikuahidi na hatukuja. Sista Hirut alinaswa ng'ambo ya mto, akamtuma mwenzake kabla simu hazijazima. Mwenzake akaona maji, akageuka nyumbani, hakumwambia mtu. Kosa ni letu."

Etiye Askale aligeuza kichwa kumtazama. "Mvua nayo ilichangia," alisema.

"Mvua tunaijua. Inakuja kila mwaka."

Mimi sikulainika. Nilipofika nyumbani nilimwambia Yeshimebet kuwa sasa nina la kusema mkutanoni, na halitakuwa zuri. Yeye alikuwa anafua shuka langu lenye matope.

"Umeoa mwanamke ambaye hajawahi kuunguza mkate?" akaniuliza. "Ngoja uone wanafanya nini baada ya kuunguza."

Nehase 11

Sista Hirut alikuwa kwa Etiye Askale kabla yangu. Macho yamevimba. Sikumsalimu vizuri. Etiye Askale ndiye aliyemwambia aache kulia kwa sababu chumba kimeshaloa vya kutosha.

Nehase 13

Vijana wa sikukuu ya leo wameimba mlangoni na fimbo zao, wamepewa mikate kama desturi. Mmoja alikuwa na sauti ya mbuzi. Nimempa mkate mkubwa ili asiendelee.

Nehase 16

Dokta Fikirte aliniita. Nilikwenda nimekaza uso. Aliniambia yule muuguzi aliyegeuka nyumbani wameshazungumza naye, lakini tatizo si yeye peke yake, ni mpango wao. Kwa hiyo masika wataacha dawa ya kutosha majuma mawili, na chupa haitaruhusiwa kushuka chini ya robo. Simu ikizima, awepo mtu wa karibu wa kuleta habari kwa miguu. Hapo akazungusha kalamu. Akasema hilo la mwisho ndilo gumu, kwani wao hawana watu mitaani.

Nilishuka kilima nikilifikiria hilo. Hawana watu. Sisi katika kila nyumba ya mtaa huu tuna mwanachama. Mtu akifa, kabla jua halijatoka vizuri, hema limesimama, mabenchi yamepangwa, sufuria zimepanda jikoni, na hakuna aliyepiga simu. Fundi viatu wa karibu na kisima tulimjengea hema safi sana. Sikumbuki nani alimpelekea maji.

Nehase 20

Ubishi kwa Etiye Askale kuhusu pombe. Zenebech hataki, anasema mama atajimaliza. Mama anasema ameshamalizwa, sasa anataka kupika. Sista Hirut akasema dawa ya asubuhi itolewe mapema zaidi, apate nguvu saa ambazo jua linachungulia, na asiinue kitu. Atakuwa mtu wa kuamuru.

Zenebech akasema kwa kuamuru hajawahi kushindwa.

Nehase 24

Tumekuwa vibarua. Mimi nimebeba maji, Zenebech amefukiza pipa kwa moshi wa mti wa zeituni, Wudinesh ametwanga majani ya gesho ya kutia pombe uchungu. Etiye Askale ameketi mlangoni kwenye kiti chenye mito, shuka mabegani, kijiti mkononi. Sista alipomaliza kazi yake akaomba akoroge kidogo.

"Ee mwanangu," Etiye Askale alimwambia, "Mungu alikupa mikono ya kuosha vidonda. Pipa mwachie Zenebech."

Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Mzee wa figo hakutukana leo, tulipofika alikuwa amelala vizuri.

Nehase 28

Mvua kidogo. Jua kidogo.

Pagume 2, Jumapili

Mkutano. Etiye Askale alikuwa ametuma mtungi mdogo wa pombe, ingawa bado changa kidogo, na ujumbe kwamba watu wasinywe kabla ya kusikiliza. Wubshet alikuwa ameshakunywa.

Nilisimama na daftari, nikaona aibu kulisoma, nikalifunga. Niliwaambia yale ambayo watu wa hospisi wamefanya vizuri. Niliwaambia pia la Nehase 9, bila kulipunguza: mwenzetu aliachwa akang'ata shuka usiku kucha, kwa uzembe. Wubshet akapiga meza, akasema basi habari imekwisha.

Nikamwambia haijaisha. Nikawaeleza Dokta alivyokuja kwa miguu, alivyosema mbele ya mgonjwa kuwa kosa ni lao, na walivyobadilisha mpango baada ya hapo. Nikasema pale walipokosea ndipo panapotuhusu, maana walikosa mtu wa kukimbia na habari, na sisi tumejaa watu wa kukimbia na habari, ila tunangoja mtu afe ndipo tukimbie.

Kapteni akakuna kidevu. "Kwa neno moja, Ayalneh. Wazuri au wabaya?"

"Nikiugua," nikasema, "nataka Sista Hirut aje. Na nataka mmoja wenu aketi karibu, ili asipokuja, mumfuate."

Kapteni akaita kura. Wanawake waliinua mikono kwanza, wote kwa pamoja kama walikuwa wamepatana. Kisha wanaume. Wubshet aliinua wake mwishoni, akasema anafanya hivyo kwa heshima ya pombe.

Pagume 3

Siku ya Rufaeli. Mvua ya leo ni ya baraka, watoto wote wako nje uchi wanaoga. Nilipita kuwaambia habari za mkutano, nikamkuta Etiye Askale anaomba atolewe naye. Nilidhani Sista atakataa. Alifunika bandeji kwa nailoni, akamshika upande mmoja, Zenebech upande wa pili, wakamsimamisha uani. Mvua ilimpiga usoni. Alifumba macho, akafungua mdomo kama watoto wanavyofanya.

Akakaa hapo mpaka akatosheka. Kisha wakamkausha kwa shuka la moto, akalala mpaka jioni.

Meskerem 1

Mwaka Mpya. Jua. Maua ya njano yamejaa mpaka kwenye mitaro. Kwa Etiye Askale hakuna pa kukanyaga, watu mpaka langoni, pombe imeiva sawasawa. Yeye alikunywa mafunda mawili akasema ya mwaka juzi ilikuwa kali zaidi.

Meskerem 4

Kapteni amegawa zamu. Kila mgonjwa ana watu wawili wa karibu. Wubshet amepewa mzee wa figo. Wanatukanana vizuri.

Meskerem 9

Etiye Askale hali chakula. Hana maumivu. Zenebech anampangusa midomo kwa pamba.

Meskerem 12

Amefariki leo asubuhi, kahawa ikiwa jikoni. Zenebech alikuwa amemshika mkono, Wudinesh anasimulia kisa cha mtu fulani na mbuzi, na walipogeuka kumwuliza, alikuwa amekwenda. Uso ulikuwa umetulia. Hakuwa ameng'ata kitu.

Nimefanya kazi yangu. Jina lake nimelitaja polepole.

Meskerem 14

Siku ya pili ya matanga. Hema limejaa. Zenebech amekula leo. Amemwambia Yeshimebet kwamba akipatikana mtoto mwingine wa mgonjwa hapa mtaani anayeogopa ile chupa ya dawa, aitwe yeye akazungumze naye.

Saa nne hivi akaingia Sista Hirut, shuka jeusi kichwani, buti safi. Tulimwonyesha benchi la mbele wanapoketi wageni, karibu na padri. Akaketi kwa adabu, mikono mapajani. Hakukaa sana. Kina mama wa jikoni walichungulia kutoka nyuma ya hema, na Wudinesh akamwita kwa kidole.

"Wewe, mbona umeketi na wageni? Njoo huku."

Nilipopita baadaye kuchukua maji nilimkuta juu ya gogo, mikono ya shati imekunjwa, beseni la vitunguu mbele yake, machozi yanamchuruzika na hakuna anayemwuliza ni ya nini. Yeshimebet aliokota kipande kimoja akakiinua kwenye mwanga.

"Unakata vinene," alimwambia. "Na kesho uje na kisu chako, hivi vya chama ni vibutu."

Sista akasema ndiyo, Mama, akaendelea kukata.